Beba viti vya watoto uende navyo yadi: nilivyotafuta gari ya watoto watatu Mombasa

Kitinda mimba wetu alipozaliwa tulikua na kagari kadogo, kwenye logibuku ni gari ya watu watano, na hesabu yangu ilikua rahisi, mbele wawili nyuma watatu, imeisha. Siku ya kutoka hospitali baba watoto akatangulia kufunga viti: busta (kile kikalio cha kumwinua mtoto mkanda umkae sawa) ya kifungua mimba ambaye ana miaka saba, kiti cha wa katikati wa miaka minne, na kile cha mtoto mchanga. Viwili vikaingia. Cha tatu kikakaa kama abiria wa mwisho kwenye matatu ya Mtwapa, tako moja kwenye siti tako moja hewani. Tukasukuma, tukatoa, tukabadilisha, jua la saa saba hilo, mi mwenyewe nimetoka kujifungua nimeegemea ukuta. Mwisho kifungua mimba akapakiwa tuktuk na bibi yake, na nyumbani Kisauni tukafika kwa vyombo viwili.

Jioni nikachukua futi ya kushonea nikapima. Busta sentimita 44, cha wa katikati 45, cha mtoto 44, jumla 133. Siti ya nyuma ya gari mlango kwa mlango, 127. Ukisikia sentimita sita unaona ni vidole vitatu tu, lakini plastiki haifinyi tumbo kukupisha.

Basi kila mtu akawa na ushauri wake, nunueni gari kubwa, nunueni siti saba, na mi nkaamini kubwa maana yake ni pana. Sivyo, na hii ndio ningependa mtu anambie mapema. Kule Japani gari zina madaraja ya usajili, ikizidi upana wa mita 1.7 au urefu wa mita 4.7 au injini ya cc 2000 inapanda daraja la juu, kwa hivyo watengenezaji wamekua wakizibana nyingi zisivuke hapo. Ndio unakuta Honda Fit, Sienta, na Noah ya kawaida iliyotoka 2014 zote upana wake kwa nje ni milimita 1695. Noah ni ndefu na ni ya juu, unasimamisha mtoto ndani, lakini kwa mabega ni mwenzake Fit. Sasa ukiuza kagari kako ununue gari ndefu ukitegemea watoto watatu watakaa safu moja kwa raha, unaweza kujikuta palepale na deni juu.

Mi nilichofanya, nilimwomba shemeji pikap yake, nikapakia vile viti vitatu nikaanza kuzunguka yadi za kuuza magari, kisiwani na upande wa Nyali, Jumamosi tatu. Mabroka walicheka. Mmoja akanambia dadangu, hii ni siti saba, hao watoto watacheza mpira humu ndani. Nikamwambia sawa, fungua mlango.

Tukafunga viti viwili safu ya katikati, kimoja kila upande. Busta ikaingia katikati yao kwa kubanwa, broka akapiga makofi. Nikamwita kifungua mimba nikamwambia kaa ujifunge. Akakaa, akavuta mkanda, halafu bizimu, pale pa kuchomeka mkanda, haionekani. Imezama chini kati ya busta na kiti cha mdogo wake. Nikaingiza mkono mi mwenyewe, bangili ikakwama, vidole vinaigusa bizimu lakini mkanda hauingii manake imelala, dakika nzima napapasa huku jasho linanitoka. Kila asubuhi, mara mbili, na getini kwa shule nyuma kuna mwenye Prado anapiga honi? Hapana. Kwa hivyo usiridhike kiti kimeingia. Mfunge mtoto, mfungue, mfunge tena, na yule wa busta ajifunge mwenyewe wewe umekunja mikono.

Broka akasema si basi mkubwa akae safu ya tatu. Ndio, na mi nilikua nafikiria hivyo hivyo. Lakini hizi siti saba nyingi, kuingia safu ya tatu ni mpaka ukunje ile siti ya safu ya pili uisogeze mbele, na siti iliyofungwa kiti cha mtoto haikunjiki. Pande zote mbili zimefungwa viti, mkubwa atapita wapi? Akapitishwa kwenye buti. Nilimbeba nikampitisha juu ya bampa kama gunia la mchele, akasema mama mi si mzigo. Broka hakusema kitu.

Jumamosi ya tatu ndio nikapata dawa yake, na ilikua kwenye Noah, lakini soma vizuri manake ziko mbili. Iko ya siti nane, safu ya pili ni benchi la watu watatu. Na iko ya siti saba, safu ya pili ni viti viwili vilivyoachana na katikati kuna njia ya kupita. Mtu mwenye watoto wengi atakimbilia nane, na mi nilikua nimeshaanza kubishania bei ya nane. Lakini ile ya saba mkubwa anapanda mlango wa pembeni, anapita katikati ya wadogo zake, anakaa nyuma, anajifunga, bizimu iko wazi hakuna aliyeikalia. Wale wadogo kila mmoja na siti yake hawafikiani kupigana. Siti moja kidogo na nafasi zaidi. Honda Freed ya siti sita nayo imepangwa hivyo hivyo kwa anayetaka gari fupi, sisi tuliiacha kwa sababu ya buti tu.

Mambo ya isofiksi, yale machuma mawili ya kushikilia kiti bila mkanda. Usimwulize broka, atasema iko. Ingiza vidole kwenye mfinyo baina ya mgongo na makalio ya siti utayagusa, na mara nyingi yako siti mbili tu za pembeni za safu ya pili, safu ya tatu hakuna. Yana kikomo pia, kilo 33, mtoto na kiti chake kwa pamoja, na viti vingine vina kilo kumi na ushei, kwa hivyo mtoto akinenepa mkanda wa gari unarudi kazini. Ukifunga kwa mkanda, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise, kikicheza zaidi ya inchi moja fungua uanze upya. Na busta inataka mkanda wa begani na kiunoni, ule wa kiunoni peke yake wa gari za zamani hautoshi.

Kiti cha mtoto mchanga kinatazama nyuma na kinakula urefu, cha mbele yake kinasogezwa mpaka magoti ya aliyekaa yanagusa deshibodi. Basi mwenye miguu mirefu akae kabisa mkiwa yadi. Sisi tumekiweka kushoto manake gari yetu hupaki kushoto mwa barabara, nikimtoa natoka naye upande wa watu sio upande wa malori ya Malindi. Mbele hakai hata siku moja, kiti cha kutazama nyuma mbele ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumka gari ikigonga) inayofanya kazi ni hatari ya kuua, na gari yetu haina swichi ya kuizima.

Milango ya kuteleza nilidhani ni maringo. Nenda Mwembe Tayari upaki katikati ya pikap mbili halafu ujaribu kufungua mlango wa kawaida na kiti cha mtoto mkononi, utanielewa. Tabu yake ni mchanga. Tukitoka ufuoni Pirates reli ya chini inajaa, mlango unaanza kukoroma, kwa hivyo kuna brashi ya viatu inaishi ndani ya gari. Ukikagua gari iliyotumika hapa Pwani chungulia reli hizo hizo na chini ya kapeti ya buti uone kutu. Kutu itafute hasa kwenye Toyota Wish na Isis, ziliacha kutengenezwa 2017 na gari ya kuagiza haifai kuzidi miaka 8, utakayoipata ni iliyokwisha kula chumvi hapa hapa. Injini na giaboksi mpelekee fundi wako, sina la kuongeza.

Kwa AC angalia kama matundu yanafika safu ya tatu, kwa joto letu hili mtoto aliyeko nyuma anaiva. Gari ikikaa juani bizimu inachoma kweli kweli, mi nafunika viti kwa leso. Video za Ulaya zinakwambia umvue mtoto jaketi kabla ya kumfunga, wenzangu sisi shida ni kanzu. Ijumaa ule mkanda wa katikati ya miguu unakuta umekaa juu ya kanzu na kanzu imejikusanya tumboni, huwezi kukaza vizuri. Mpandishe kanzu mpaka kiunoni, funga, halafu mfunike miguu.

Viti vya mtumba Kongowea vipo na mi sikuchukua. Huwezi kujua kama kimeshapata ajali, na vingine tarehe ya kuisha imeandikwa chini ya plastiki na ilishapita.

Buti nalo, safu ya tatu ikisimama linabaki nafasi ya mkoba na ndizi. Yetu tunakunja nusu moja pembeni kigari cha mtoto kinaingia, nusu nyingine anakaa mkubwa. Tukienda Likoni kumchukua mavyaa wangu mi naenda kukaa nyuma, kigari kinabaki nyumbani, yeye na magoti yake anakaa mbele. Na gari ikijaa hivyo inakaa chini, kupanda feri ni polepole la sivyo bampa inasalimia chuma.

Mavyaa hajakubali mpaka leo. Ati gari yote hii na mjukuu amefungwa huko nyuma kama mfungwa, si nimpakate tu, watoto wangu wote niliwapakata. Baba watoto anamwambia mama, gari ikigonga mikono haishiki. Yeye anasema basi endesha usigonge. Wanabishana foleni nzima, na mtoto mwenyewe amelala mdomo wazi, gari inaongea Kijapani chake cha kila safari na mkubwa huko nyuma anaiitikia.