Halloween Ends si takataka kihivyo
Ndugu yangu unasema muvi ya kutisha ya Halloween Ends ya 2022 ni takataka kwa sababu Michael Myers, yule muuaji mwenye kinyago, haonekani sana, hapo kwenye kutoonekana uko sahihi kabisa, watu wamelipia tiketi wakamwone Myers wakaletewa kijana Corey sehemu kubwa ya muvi, tena hii ndo muvi ya 13 ya Halloween na tuliahidiwa ndo mwisho wa vita ya Michael na Laurie, mwanamke aliyenusurika kuuawa naye, lazima watu wakasirike. Lakini takataka mimi nakataa. Ule mwanzo, Corey kaachiwa mtoto wa watu usiku, dogo anamfungia chumba cha juu kwa utani, Corey anapiga teke mlango na mtoto anadondoka toka juu ya ngazi wazazi ndo wanaingia nyumbani, aisee nilisimamisha kwanza nikavuta pumzi. Na pale jikoni Laurie anavyombana Myers mezani kwa visu! Jamie Lee Curtis, anayeigiza Laurie, yuko kwenye hii stori toka 1978 na uchovu wa miaka yote unauona usoni kwake. Kilichoniudhi mimi ni yale mapenzi ya Corey na Allyson, mjukuu wa Laurie, siku chache tu binti keshataka kuhama naye mji, muda ule wangempa Myers.