Deki inasoma flashi lakini inazikataa video zilizopakuliwa: sababu na namna ya kurekebisha

Ndugu muuliza, umesema kwamba wazazi wako kijijini wana deki ya DVD yenye tundu la USB, iliyounganishwa na runinga ya chogo kwa waya wa rangi tatu, na kwamba video za kwaya ulizozipakua pamoja na zile za harusi ya mdogo wako zilizopigwa kwa simu zinacheza vizuri kwenye kompyuta yako, lakini zikifika kwenye deki ama zinaambiwa hazitambuliki, ama zinatoa sauti bila picha. Umeongeza kwamba boksi la deki lina maandishi ya MP4 na 1080p, kwa hiyo unashuku umeuziwa kanyaboya. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandaa diski na flashi za kwaya ya parokia yetu, na kwa kuwa waumini wengi wanaozichukua wana deki za namna hiyohiyo, malalamiko kama yako nimeyasikia sana. Kwa maelezo uliyotoa, deki hiyo ni nzima.

Herufi tatu zinazofuata nukta katika jina la faili, ziwe mp4, avi au mkv, hutaja kifungashio tu. Ndani ya kifungashio hicho kuna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, yaani njia ya kubana na kufumbua, na sauti iliyobanwa kwa kodeki nyingine, na hizo ndizo zinazoamua kama deki itacheza au haitacheza. Kompyuta ina nguvu ya kutosha kufumbua karibu kila kitu kwa programu, na ikikutana na kodeki ngeni unaiwekea programu nyingine mambo yakaendelea. Deki haina nafasi hiyo, kwa sababu kazi yote ya kufumbua picha hufanywa na chipu ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kodeki chache, na kiwandani mambo yakishafungwa yamefungwa. Ndiyo maana ushauri uliopewa na mchangiaji aliyetangulia, wa kutafuta mkusanyiko wa kodeki na kuuweka kwenye flashi, hauwezi kusaidia chochote. Kubadilisha jina la faili kutoka mp4 kuwa avi nako hakubadilishi kilichomo. Kuna deki zinazodanganyika mpaka zikaanza kuifungua, kisha hukupa hiyo sauti bila picha uliyoieleza.

Sasa kuhusu maandishi ya boksi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo chanzo kikubwa cha watu kupoteza fedha. Kiwango cha MPEG-4 kina sehemu nyingi, na mbili kati ya hizo zinahusu ubanaji wa picha kwa namna tofauti kabisa. Sehemu ya 2, iliyokamilika mwaka 1999, ndiyo iliyozaa DivX na Xvid, na chipu za deki nyingi za bei nafuu zinaifahamu. Sehemu ya 10, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo H.264, ambayo pia huitwa AVC, na hiyo inahitaji hesabu nyingi kuliko chipu hizo zinavyoweza. Mwenye kiwanda anapoandika MPEG4 au MP4 mbele ya deki anamaanisha ile ya kwanza, na hasemi uongo. Ila mnunuzi anasoma maandishi hayo akifikiria video za simu yake, ambazo karibu zote ni H.264, na katika simu mpya zaidi ni HEVC ya mwaka 2013. Tovuti za video nazo zimeongeza kodeki za VP9 na AV1, ambazo deki ya DVD haizifahamu kabisa. Hiyo 1080p nayo inahusu picha inayotoka kupitia HDMI, yaani deki huchukua picha ndogo ya DVD na kuitanua, jambo lisilomaanisha kwamba inaweza kusoma faili ya ukubwa huo. Kwa runinga ya chogo inayotumia waya wa njano, maandishi hayo hayana faida yoyote.

Kabla ya kubadilisha chochote, pakua programu ya bure iitwayo MediaInfo, ufungue nayo faili moja inayokataa na faili moja inayocheza, kama unayo. Katika sehemu ya picha, ukiona imeandikwa AVC au HEVC, jibu umeshalipata. Ukiona MPEG-4 Visual, pamoja na kitambulisho cha XVID au DX50, basi picha si tatizo na unapaswa kuangalia sauti, vipimo vya picha au flashi yenyewe. Asiyetaka programu nyingine anaweza kuifungua video kwa kichezeshi cha VLC, kama tayari anacho, na kubonyeza Ctrl pamoja na J. Taarifa si nyingi kama za MediaInfo, lakini kodeki inaonekana.

Njia ya kwanza ni kuzigeuza video ziwe AVI yenye picha ya Xvid na sauti ya MP3, halafu kuziweka kwenye flashi. Watu wengi watakuelekeza HandBrake, ambayo ni programu nzuri sana, lakini iliacha kutengeneza AVI tangu toleo lake la 0.9.4 la mwaka 2009, kwa hiyo utahangaika nayo usiku kucha na kuishia kupata MP4 nyingine. Mimi natumia FFmpeg, ambayo haina vitufe vya kubonyeza bali unaiandikia amri. Kwa video pana ya kawaida amri yangu ni hii:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=720:400 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag XVID -b:v 1500k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ac 2 -ar 48000 harusi.avi

Kila kipande kina sababu yake. Vipimo vya 720 kwa 400 vimechaguliwa kwa sababu chipu za aina hii kwa kawaida haziendi zaidi ya pikseli 720 kwa 576, na kwa sababu namba zote mbili zinagawanyika kwa 16, jambo ambalo baadhi ya deki hulidai bila kukuambia. Fremu 25 kwa sekunde ni mwendo wa PAL, mfumo wa runinga zetu. Tena simu nyingi hurekodi kwa mwendo unaopandashuka kulingana na mwanga, na AVI haiuwezi mchezo huo, hivyo bila kuulazimisha mwendo mmoja utakuta sauti inatangulia midomo ya waimbaji kadiri wimbo unavyoendelea. Kodeki ya mpeg4 ya FFmpeg, ukiiacha ilivyo, haitumii mbinu za ziada kama QPEL na GMC, ambazo zipo katika Xvid lakini deki nyingi huzigomea. Kwa kasi hiyo ya kilobiti 1,500 za picha na 128 za sauti kwa sekunde, saa moja ya video inachukua karibu MB 730, na picha inatosha kabisa kwa runinga ya inchi 21.

Sauti imenifundisha uangalifu kuliko picha, kwa sababu watu huiacha ilivyokuwa wakidhani ni sauti tu. AAC, ambayo ndiyo sauti ya kawaida ya video za simu, na Opus, inayoambatana na video nyingi za mtandaoni, hukataliwa na deki nyingi hata pale ambapo picha yake ingechezwa. MP3 ya njia mbili ndiyo salama.

Video za harusi zina mtego wake. Kama mpigaji aliishika simu wima, simu mara nyingi huihifadhi picha ikiwa imelala na kuandika pembeni maelekezo kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Kompyuta huyatii maelekezo hayo, deki huyapuuza, na bibi harusi anaonekana amelala ubavu. FFmpeg huigeuza yenyewe wakati wa kubadilisha, lakini usitumie amri niliyoandika hapo juu kama ilivyo, kwa kuwa itaitandaza picha ya wima mpaka watu wote wawe wafupi na wanene. Weka hivi badala ya kipande cha -vf scale=720:400: -vf "scale=-2:400,pad=720:400:(ow-iw)/2:0" na utapata picha ya wima katikati na weusi pande zote mbili. Haipendezi, lakini nyuso zinabaki nyuso.

Flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. Deki nyingi hazisomi NTFS wala exFAT, na flashi kubwa siku hizi hutoka dukani zikiwa exFAT, kwa hiyo deki husema hakuna kitu ndani wakati kompyuta inaona kila kitu. FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, lakini kwa vipimo nilivyotoa hutafika huko hata kwa sherehe nzima. Ningenunua flashi isiyozidi GB 32 ili kuepuka usumbufu wa Windows, ambayo katika dirisha lake la kawaida la kufomati kwa miaka mingi haikukubali kutengeneza FAT32 kubwa zaidi ya hapo. Majina ya faili yawe mafupi, yaanze na namba kama 01 na 02, na uondoe vile vikaragosi vya kucheka na kulia ambavyo wapakiaji wa mtandaoni hupenda kuvibandika. Deki kadhaa nilizozishika hupanga faili kwa mfuatano wa kunakiliwa, si kwa majina, kwa hiyo nakili moja baada ya nyingine ukitaka zifuatane.

Njia ya pili ni kutengeneza DVD halisi, na kwa wazazi ndiyo ninayoipendelea, ingawa vijana wataniona wa kale. Flashi inawalazimu kubonyeza kitufe cha USB kwenye rimoti, kuingia katika orodha na kutafuta kwa mishale. DVD halisi wanaiweka, wanafunga mlango, inacheza. Usichanganye hili na kunakili faili za AVI au MP4 kwenye diski tupu, kwani hiyo ni diski ya data na inarudi kwenye masharti yaleyale ya flashi. DVD halisi ina folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake picha ni MPEG-2 ya pikseli 720 kwa 576 kwa PAL, pamoja na sauti ya AC-3 au nyingine chache zinazokubaliwa. Kila deki ya DVD iliyowahi kutengenezwa kwa mfumo wa PAL imeumbwa kucheza hicho, hata isiyo na tundu la USB.

Kwa kazi hiyo tumia DVDStyler, ambayo ni ya bure. Unazivuta video zako ndani kama zilivyo, unachagua PAL, unachagua umbo la 16:9 au 4:3, na programu inazigeuza, inatengeneza menyu kama unaitaka, kisha inachoma diski. Angalia sana hapo kwenye PAL: mipangilio ikibaki NTSC, ambao ni mfumo wa runinga wa Marekani, runinga ya zamani isiyojua NTSC huweza kuonyesha picha isiyo na rangi, na mtu akaanza kumlaumu fundi. Habari za kanda za DVD, ambazo zinaiweka Afrika Mashariki katika kanda ya 5, zisikusumbue, kwa kuwa diski ya nyumbani haifungwi kwa kanda yoyote.

Ujazo unahitaji hesabu kidogo. Diski inayoitwa ya GB 4.7 inaonekana kwenye kompyuta kama 4.37, na ukitaka kuweka saa mbili ndani yake, picha na sauti kwa pamoja zisizidi kasi ya megabiti 5 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja unaweza kwenda mpaka 8, ila usikaribie kikomo cha DVD cha 9.8 kwa picha, maana diski za kuchoma husomwa kwa shida zaidi kuliko za kiwandani na deki itaanza kukwama kwenye sehemu zenye mwendo mwingi. Harusi ya saa tano igawe diski tatu, usiibane kwenye moja. Kwaya iliyovaa sare moja inageuka vipande vya mraba vya rangi.

Diski ziwe DVD-R, kwani deki za zamani huzipokea kwa urahisi kuliko DVD+R, na uachane na zile za kufutika, ambazo hurudisha mwanga kidogo na lenzi iliyochoka huzikataa. Choma kwa kasi ya 4 au 8 hata kama programu inakupa 16, na uhakikishe programu imeifunga diski mwishoni (finalize), la sivyo kompyuta yako pekee ndiyo itakayoisoma.

Kuhusu kuokoa kifurushi cha intaneti: kwa deki hii usipakue video ya 1080p. Pakua ya 480p inapopatikana, na kama tovuti inakupa nafasi ya kuchagua, chukua yenye H.264 badala ya VP9 au AV1, si kwa sababu deki itaicheza bali kwa sababu kompyuta ya zamani huigeuza haraka zaidi. Picha itakayofika kwenye runinga haitazidi mistari 576 kwa vyovyote vile. Na endapo siku moja wazazi watapata runinga bapa yenye tundu lake la USB, chomeka flashi moja kwa moja hapo kabla ya kugeuza chochote. Runinga nyingi za namna hiyo zinaisoma H.264 na deki inabaki kwa ajili ya diski.

Jaribu kwanza kipande cha dakika mbili kwa njia ya AVI, kwa kuandika -t 120 kabla tu ya jina la faili ya mwisho katika amri ile, kabla hujakaa usiku ukigeuza harusi nzima. Kikikataa, bandika hapa maandishi yote ya MediaInfo ya kipande hicho pamoja na namba ya modeli iliyo mgongoni mwa deki, na useme kama deki inaiona faili ikashindwa kuicheza, au haiioni kabisa.