Maswali Yenu: Gari la deraya la matairi si litapigwa pancha tu?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mi dereva wa Fuso, nabeba korosho Newala kwenda Mtwara. Hapa kijiweni Masasi tunabishania Stryker za jeshi la Marekani, zile za tairi nane, washkaji wanasema risasi moja tu pancha, basi. Si bora wangenunua vifaru?

JIBU: Marahaba. Pancha haliisimamishi, tairi zake zimetengenezwa ziendelee kutembea hata upepo ukiisha, na dereva anapunguza au kuongeza upepo akiwa kwenye kiti chake bila kushuka, we unayejua kukwama kwenye mchanga nadhani umenielewa. Kifaru cha Abrams kinapita tani 60, Stryker ni kama tani 19 na inakimbia karibu kilometa 100 kwa saa, inabeba askari 9 nyuma, na Marekani walitaka kitu cha kufika haraka, hata kwa kupakiwa kwenye ndege ya mizigo ya C-130. Wakachukua gari la Kanada lenye asili ya Piranha, gari la deraya la Uswisi, Novemba 2000 wakaagiza 2,131 kwa kama dola bilioni 4. Kampuni iliyokosa tenda, iliyokuwa na gari la cheni, ikalalamika, ikagonga mwamba 2001.

Ila washkaji wako wana kapointi. Walipofika Iraki 2003 ikabidi wazifunge vichanja vya chuma pembeni kuzuia roketi za begani za RPG, uzito ukapanda, gari ikawa pana, na ile hoja ya kuipakia kwenye C-130 ndo ikafia hapo. Mabomu ya ardhini ya Afghanistani nayo yakalazimisha tumbo jipya la umbo la V, 2011.