Jibu: Kwa nini kuba la St Paul's ni refu kwa nje, fupi kwa ndani?

Mkuu, umeuliza inakuwaje kuba la kanisa kuu la St Paul's, London, linaonekana refu mno ukiwa barabarani, halafu ukiingia ndani dari iko chini kuliko ulivyotarajia. Macho yako hayakudanganyi: pale kuna makuba mawili, na kati yake kumejificha kitu cha tatu.

La ndani ni la matofali, limepambwa kwa michoro ya James Thornhill. La nje ni mbao zilizofunikwa kwa mabati ya risasi, na mbao zile kamwe zisingeweza kubeba mnara wa mawe uliokaa kileleni. Anayebeba mzigo wote ni koni ya matofali iliyo katikati, ambayo anayesali pale chini haioni kabisa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Christopher Wren, msanifu wa kanisa hilo. Rafiki yake, mwanasayansi Robert Hooke, alikuwa ameonyesha kwamba mnyororo ukining'inia hujipinda kwa umbo ambalo, ukiligeuza juu chini, hufaa kujengea tao imara, na Wren akaifuata kanuni hiyo hapa. Kisha kitako cha kuba kikafungwa mnyororo wa chuma, kisitanuke.

Ujenzi ulianza 1675. Jiwe la mwisho liliwekwa juu 1708 na mwanawe Wren, mzee mwenyewe akiwa na miaka 76.

Wageni walikuwa wakipanda ngazi 257 hadi kwenye roshani ya minong'ono. Mtu akinong'ona huku mdomo ukikaribia ukuta, mwenzake aliye upande wa pili alimsikia.