Msione Ghorofa Mkadhani Nimetajirika

Tangu picha ya ile nyumba ya matofali mekundu izunguke kwenye simu za ukoo, maswali hayajakoma. Ba' mdogo wa Mwanga anauliza kama ni kweli nimenunua ghorofa Ulaya. Shangazi wa Ujiji anataka kujua kwa nini dalali alimwambia mtoto wake kuwa nyumba yenyewe haina dirisha hata moja kwa nyuma. Na binamu yangu mmoja, ambaye simtaji kwa heshima ya mama yake, kasema wazi kwamba mwenye akili zake hanunui gofu la mwaka 1895 wakati kiwanja cha Gungu, kule kwetu Kigoma, kipo. Nawajibu wote kwa mpigo, pamoja na yale ambayo sisi tulioko huku huwa tunayameza tukipigiwa simu.

Kwanza, sijanunua kitu. Natafuta. Nyumba ninazooneshwa hapa Leeds, Uingereza, karibu zote ni kuukuu, kwa sababu mtu wa kawaida huku hajengi. Hakuna habari ya kununua kiwanja, mwaka huu ukapiga msingi, mwakani ukanyanyua boma, mvua za misimu miwili zikanyeshea kuta tupu, halafu ukapaua siku biashara ya dagaa ikichangamka. Ardhi ni ghali, kibali kina mlolongo, na fundi analipwa kuliko mimi. Unanunua iliyopo, na iliyopo ni ya mababu zao: Uingereza karibu nyumba moja katika kila tano ilijengwa kabla ya mwaka 1919. Mpya zipo, lakini nyingi ninazoziona zimejengwa pembezoni, ambako alfajiri hupati basi, nami zamu yangu ya kuhudumia wazee inaanza saa moja asubuhi.

Ba' mdogo, ghorofa huku si dalili ya fedha. Mji huu ulikuzwa na viwanda vya nguo, na wenye kujenga walibananisha wafanyakazi karibu na viwanda kadiri ardhi ilivyoruhusu. Vyumba viwili chini, viwili juu, ngazi katikati, tena nyembamba na imesimama wima kiasi kwamba kitanda cha sita kwa sita hakipandi mpaka kifunguliwe vipande vipande. Nyumba ya mzee wetu pale Ujiji, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua wa kupikia nyuma, ina nafasi kuliko zote nilizoingia. Nasema kweli, na mke wangu ni shahidi.

Shangazi, nyumba haina madirisha nyuma kwa sababu nyuma yake kuna nyumba nyingine, na ukuta ni uleule mmoja. Zimeunganishwa mgongo kwa mgongo na ubavu kwa ubavu, hivyo kila moja ina uso mmoja tu. Hewa inatokea palepale ilipoingilia. Wenyewe waliona kwamba hiyo si afya, ikatungwa sheria mwaka 1909 ya kuzuia zisijengwe tena, ila michoro iliyokwisha kupitishwa kabla ya hapo iliachwa iendelee, na Leeds wakaendelea nayo mpaka 1937. Leo zimebaki karibu elfu ishirini mjini humu, Harehills, Armley, Beeston na kwingineko. Zile za awali zilikuwa na vyoo vya kuchangia kwenye viuwanja vidogo kati ya nyumba na nyumba. Nyingine zikawekewa choo chini ya nyumba, unatoka nje na kushuka ngazi za barabarani. Kwa hiyo wale wanaotucheka kwa choo cha uani wakumbuke kwamba mfanyakazi wa Leeds alivaa koti usiku wa theluji kwenda kujisaidia, na huenda akamkuta jirani kamtangulia.

Ile ya kwenye picha, dalali alifungua kimlango kando ya jiko akaniambia niiname. Chini kuna chumba cha mawe, na ndani yake meza iliyojengewa humo humo: bapa moja la jiwe lenye unene wa kiganja, ubaridi wake unaupata kabla hujaligusa. Ndiyo iliyokuwa friji yao. Nyama, maziwa na siagi vilikaa juu ya jiwe hilo kabla umeme haujafika. Ukutani kuna tundu lililozibwa kwa kifuniko cha chuma, ambapo muuza makaa ya mawe alikuwa akimwaga gunia kutokea barabarani bila kuingia ndani. Mama angepapenda pale. Migebuka ya asubuhi ingefika jioni haijanuka. Dalali alitaka tupande haraka, na nilipowasha taa ya simu nikaona sababu. Plasta imevimba, ukiigusa inamwagika unga.

Kuta hizi za zamani ni tofali tupu, hazina uwazi katikati kama za siku hizi. Zilijengwa kwa chokaa, na chokaa hunywa unyevu kisha ikautoa taratibu. Akaja mtu miaka ya karibuni, akaona ukuta mbaya, akaufunika kwa saruji. Unyevu ukakosa pa kutokea. Fundi yeyote wa Ujiji aliyewahi kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo anajua kinachofuata, inabanduka vipande vizima. Nilimwambia dalali hivyo hivyo. Akaniuliza kama mimi ni fundi.

Kioja kilichonitisha kiko nyumba nyingine. Sebule pana, imepakwa rangi nyeupe, taa za kisasa, mke wangu tayari anapanga makochi. Tukapanda juu, nikakuta chumbani dohani imejitokeza ukutani, mnara mzima wa matofali unaoendelea mpaka juu ya paa. Nikashuka tena sebuleni kuangalia inapoanzia. Hakuna. Mtu alikata meko ya chini ili chumba kipanuke, akaacha mzigo wote wa juu ukining'inia. Nikauliza, imeshikwa na nini? Dalali akajibu kuwa imekaa hivyo miaka mingi. Baadaye mkaguzi wa majengo, rafiki wa kazini alinipeleka kwake, akanieleza kwamba panatakiwa chuma cha kubebea na cheti cha halmashauri kinachothibitisha kazi hiyo, na bila cheti mkopeshaji anaweza kugoma. Tukaondoka. Mke wangu alinuna mpaka usiku.

Madirisha yaliyozibwa kwa matofali nayo yana hadithi yake. Ni kweli Waingereza walikuwa na kodi ya madirisha, ikaanza 1696 na kufutwa 1851, na watu waliziba madirisha yao ili walipe kidogo. Sasa madalali wanaipenda mno habari hiyo, wanamsimulia kila mteja. Mmoja alinisimulia mbele ya nyumba ambayo karatasi yake yeye mwenyewe inasema ilijengwa mwaka 1898! Hilo dirisha lilizibwa na mtu aliyegawa chumba apate wapangaji wawili, na ukipanda juu ukuta wa mbao unauona.

Kuna chumba cha kulala kilichokaa juu ya kichochoro cha watu wote, yaani chumba ni chako lakini chini yake si kwako. Ukuta ukipasuka, mwanasheria wako na wa jirani ndio watakaofaidi. Wakopeshaji wengine hawazitaki nyumba za namna hiyo. Bafu nyuma ya jiko ni kwa sababu nyumba ilijengwa bila bafu, likaja kubandikwa mwishoni. Sinki moja mabomba mawili, huku maji ya kuunguza, huku ya kugandisha, utachanganya mwenyewe kwenye beseni. Swichi ya taa bafuni ni kamba inayoning'inia darini, hiyo ni usalama wa umeme, msiniulize tena.

Nyumba zilizoandikishwa na serikali kuwa urithi nimezikimbia kabisa. Fikirieni stesheni yetu ya Kigoma, iliyokuwepo tangu enzi za reli ya Mjerumani iliyofika ziwani mwaka 1914, iwe ndiyo nyumba yako ya kulala, na dirisha likioza huruhusiwi kuweka la alumini mpaka upewe kibali. Ukibadilisha kimyakimya, ni kosa la jinai, si faini ya kuongea na mtu pembeni. Zinapendeza, sikatai. Wakae nazo wenye nafasi.

Sasa fedha. Hizi za mgongo kwa mgongo ndizo zenye nafuu, nazo zinaanzia pauni laki moja na ushee mahali ninapotafuta mimi. Hiyo ni zaidi ya milioni mia tatu za kwetu. Hakuna anayeitoa mfukoni. Unakopa kwa miaka 25, 30, hata 35, kwa hiyo mkisikia mtu wa kwetu ana nyumba Uingereza, muulizeni amebakiza miaka mingapi. Na mkopo hautulii. Riba ya Benki Kuu yao ilikuwa asilimia 0.1 mwaka 2021, ikafika 5.25 Agosti 2023. Mkenya mmoja ninayefanya naye kazi, mkataba wake wa riba isiyopanda ulikwisha katikati ya kipindi hicho, akaongeza zamu za usiku ili nyumba isimtoke.

Wala hakuna kishika uchumba. Kwetu ukishatoa chochote mbele ya mashahidi, mwenye nyumba anaona haya kukugeuka. Hapa mkikubaliana bei, neno hilo halimfungi mtu mpaka muuzaji na mnunuzi wapeane mikataba iliyosainiwa, na kufika huko ni miezi. Akitokea wa kuongeza dau katikati, unaachwa. Yalinikuta Armley. Mkaguzi nimeshamlipa, mwanasheria nimeshamlipa, mwenye nyumba akampa mwingine, na fedha ile haikurudi. Hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo lililoniuma.

Wale mnaonong'ona kuhusu riba, najua mnanong'ona, shemeji kanieleza. Ipo njia isiyo ya riba: taasisi inanunua nyumba pamoja nawe, unalipa kodi kwa sehemu iliyo yake na kuinunua kidogokidogo mpaka inakuwa yako yote. Wanaotoa huduma hiyo ni wachache, na wale niliowaendea wanataka malipo ya kwanza makubwa zaidi. Hesabu ya mwezi inakaribiana na ya benki za kawaida, na kuna siku nilisema haya ni maneno tu yamebadilishwa. Mke wangu alinipa hoja zake, akanishinda, tunakwenda njia hiyo. Ndiyo maana utafutaji umerefuka.

Binamu, jibu lako liko hapa. Kiwanja cha Gungu nakipenda, lakini silali Gungu. Kodi ninayolipa kila mwezi kwa chumba na sebule inatosha kununua mabati ya nyumba nzima huko, na inakwenda kwa mtu mwingine moja kwa moja. Fedha ninayotuma imepungua tangu mwaka jana kwa sababu naweka akiba ya malipo ya kwanza. Mke wangu hajanifungia pochi kama ilivyosemwa msibani. Boma nililoanza hapo Gungu litabaki kwenye lenta kwa muda, na ningependa mtu aende kukata yale majani yaliyoota vyumbani badala ya kunitumia picha zake kila Ijumaa.

Mkiniuliza nitaangukia wapi, naelekea kwenye zile zile za mgongo kwa mgongo. Benki zinazikunjia uso, watu wa kazini wananicheka, lakini mitaa yake ina watu. Kwa kuwa hakuna uani, kamba za nguo zinafungwa toka nyumba hii hadi ya ng'ambo ya barabara, mashuka yanapepea juu ya magari, watoto wanacheza mlangoni, na kina mama wanakaa kwenye vizingiti wakimenya na kuongea. Jirani anajua kama umeamka. Mitaa yenye bustani nzuri niliyopita nikitoka zamu ya usiku, unaweza kufa Jumatatu ukagunduliwa Ijumaa, na kwa kazi yangu hilo si utani.

Kwa hiyo ile ya kwenye picha nimeitolea bei, chini kidogo ya waliyotaka, na ile plasta iliyovimba ndiyo sababu niliyowapa. Wamesema watafikiria. Kinachonikwamisha ni Bibi, ambaye anasema akipata viza anakuja. Ngazi ile hawezi kuipanda kwa magoti yake, hivyo atalala sebuleni, na choo kiko juu. Mkaguzi anasema choo kidogo kinaweza kuingia kwenye kona karibu na mlango, ila bomba la majitaka limepita mbali, itabidi kiwe na pampu. Bei ya pampu na fundi wake nimeshatajiwa. Habari ya mabati tuizungumze mwakani.