Kabla hujaagiza meza, pima viwiko

Meza nne za kikundi chetu cha kubangua korosho, hapa Tandahimba, zimekatwa miguu kisha zikaungwa tena. Ukizikagua utaona viungo, kila mguu una kovu lake. Makosa ni yangu, fundi alifanya nilichomwambia.

Nilimwambia sentimita 76, kama meza za ofisini, na mabenchi 45. Hizo ndizo namba nilizokuwa nazo kichwani, na sikujiuliza zilitoka wapi. Kazi yenyewe ni kumenya lile ganda jembamba la ndani kwa vidole na kisu kidogo, tangu asubuhi hadi alasiri. Wiki ya pili kina mama wakaanza kulalamika mabega. Mmoja, bibi mfupi ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alikuwa anakaa ukingoni mwa benchi, vidole vya miguu vimening'inia kwenye mtambaa wa meza kama kuku juu ya kamba. Mimi nikadhani ni uchovu wa msimu.

Nilipozinduka nikachukua futi. Hapa nikushauri jambo: kama wewe ni mwanamume, usiende kupima mapaja ya watu. Tulimteua dada mmoja miongoni mwao, nami nikaandika tu. Vipimo vya kuanzia ni vichache. Mtu akae wima, amevaa ndala zake za kazini, upime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: huo ndio urefu wa benchi lake. Kisha aache mkono uning'inie, akunje kiwiko, upime kutoka benchini hadi kiwikoni. Ukijumlisha unapata meza yake, ukiongeza sentimita chache kama kazi inahitaji macho. Mwisho, unene wa paja akiwa amekaa, maana lazima lipite chini ya fremu.

Bimkubwa: goti 39, kiwiko 20. Yaani meza yake ni 59, nami nilimpa 76!

Sasa likaja kosa la pili, na hili ndilo lililonigharimu. Nilijumlisha vipimo vya wanawake wote 11, nikagawa kwa 11, nikapata meza 63 na benchi 41. Fundi akakata. Waliokaa sawasawa walikuwa wawili. Warefu mapaja yalibana chini ya fremu, Bimkubwa miguu bado haikufika chini. Na mbao ikishakatwa hairefuki.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Jeshi la Anga la Marekani lilinaswa na mtego huohuo. Mwaka 1950 mtafiti wake, Gilbert Daniels, alichukua vipimo vya marubani 4,063, akaangalia vipimo 10 vya mwili, akitafuta ni wangapi wako katikati katika vyote. Hakumpata hata mmoja. Mwenye mkono wa wastani ana mguu mrefu, mwenye kifua cha wastani ana shingo fupi. Jeshi likaanza kudai viti vinavyosogezwa. Sisi viti hivyo hatuna, lakini tuna vibao.

Kanuni tuliyoifuata ni hii: nafasi ya kupita mwili, mpe aliye mkubwa, kitu cha kufikia kwa mkono, mpe aliye mdogo. Aliye mkubwa hawezi kupunguzwa, ila mfupi anaweza kuinuliwa. Fundi akaunga vile vile vipande alivyokata, meza ikasimama 70, fremu akaipunguza unene. Mabenchi tukayapigilia ubao wa sentimita 4 yakarudi 45. Wafupi wanakalia gunia lililokunjwa, na chini ya miguu kila mmoja ana kibao chake cha unene tofauti, namba imeandikwa kwa mkaa. Cha Bimkubwa kina sentimita 9.

Mabeseni nayo yalikuwa mbali mno. Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na kila mwenye duka alijua ukimtuma mtu mwenye mkono mrefu unafaidi. Dhiraa ya Bimkubwa ni sentimita 41. Tukachora mstari wa chaki hapo juu ya meza, beseni halivuki.

Gharama? Mabaki ya mbao, misumari, na siku moja na nusu ya fundi. Malalamiko ya mabega yamepungua, ingawa siyo yote, kwa sababu hata ukikaa vizuri kwa muda wa saa saba, bado ni saa saba. Sasa tunasimama kila baada ya saa moja, mtu atake asitake.

Wiki iliyopita amejiunga dada mmoja kutoka Newala, mrefu kuliko wote niliowapima. Goti lake 48. Meza moja itabidi ipandishwe tena, na fundi ameshaanza kunicheka.