Manowari ya senti 1, usikimbilie kupiga hesabu ya chuma

Juzi binamu yangu wa Mombasa, anauza vyuma chakavu, kanitumia meseji usiku, eti kaka wewe ulokata meli kule Texas, ni kweli manowari inauzwa senti 1? Nikamwambia kweli, USS Kitty Hawk, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, iliuzwa hivyo 2021, na kabla sijamaliza ashaanza kuzidisha tani kwa bei ya kilo. Ngoja kwanza yakhe.

Hiyo senti ni ya makaratasi tu. Kitty Hawk ilikuwa Bremerton, Marekani upande wa Pasifiki, na kwa upana wake haipiti mfereji wa Panama, kwa hiyo ilivutwa na tagi, yaani boti ya kuvuta meli, kuzunguka Amerika Kusini yote mpaka Brownsville, Texas, kutoka Januari 2022 hadi mwisho wa Mei, na hiyo yote iko ndani ya hesabu ya mnunuzi. Bado hujagusa asbesto kwenye mabomba, rangi yenye madini ya risasi, PCB, kemikali ya sumu, kwenye maganda ya nyaya.

Mimi nlifika yadi najua kukata kwa gesi nikajiona fundi. Wiki ya tatu tukaambiwa bomba fulani ni tupu, lilipimwa jana, mwenzangu akawasha, kumbe dizeli ilibaki kwenye kona, mkono ukaungua na kazi ikasimama siku mbili. Kipimo cha jana si cha leo. Jua likipiga bati mvuke unatoka tena kwenye tope la mafuta, kwa hiyo mita ya gesi ni kila asubuhi na kila mkirudi kula, halafu mtu mmoja asimame na mpira wa maji, upande wa pili wa ukuta pia, cheche huangukia huko usikoona.

Na usiingie tanki lililofungwa muda mrefu hata kama halinuki chochote. Kutu yenyewe inakula oksijeni, unaingia kama mchezo unaanguka, anayekufuata kukuokoa naye anaanguka. Pima, piga feni, pima tena.

Pesa sasa. Usiwalipe wakataji kwa tani, wallahi, wataruka vipimo vyote wakimbizane na uzito. Rangi ikwanguliwe pale tochi ya kukatia itakapopita, ni polepole lakini moshi wa risasi unalaza watu. Anza juu kushuka chini na pande zote sawasawa, la sivyo meli inalala upande na kuinyanyua ni hela nyingine.

Anayetaka njia ya mkato amuulize Mfaransa. Clemenceau, manowari yake ya kubeba ndege, ilipelekwa kukatwa Alang, India, ikarudishwa 2006 kwa kelele za asbesto, ikaishia kukatwa Hartlepool, Uingereza. Meli dada yake, São Paulo ya Brazil, ilikuwa ikakatwe Uturuki, Uturuki iliikataa, ikazamishwa Atlantiki Februari 2023, chuma chote hicho chini ya bahari.

Binamu, shaba na bronzi tenga siku ile ile, usichanganye na chuma. Nyaya usizichome, tafuta mashine ya kuchuna.